Wimbo na Kipimo Chake: Video Fupi na Utunzi wa Nyimbo katika Kisii na Nyamira

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza dai linalosikika mara kwa mara miongoni mwa wapenzi wa nyimbo za Abagusii, yaani kwamba utunzi umeharibika kwa sababu ya mitandao ya kijamii, na kwamba wasikilizaji wa leo, waliozoea video za nusu dakika katika simu zao, hawana tena subira ya kuusikiliza wimbo mpaka mwisho wake. Dai hili lina ukweli ndani yake. Lakini kwa jinsi linavyotolewa, limechanganya mambo mawili ambayo hayana budi kutenganishwa, nayo ni ufupi wa wimbo na ukatwaji wake. Wimbo mfupi si lazima uwe wimbo dhaifu. Wimbo uliokatwa ni jambo lingine kabisa.

Jambo hili si dogo kwa watu wa Kisii na Nyamira. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na ya Nyamira watu 605,576, wengi wao wakiwa wasemaji wa Ekegusii. Lugha hii ni ya Kibantu, nayo imezungukwa kwa sehemu kubwa na majirani wasiokuwa Wabantu: Wajaluo, Wakipsigis na Wamaasai. Vitabu vya fasihi vilivyoandikwa kwa Ekegusii ni vichache mno vikilinganishwa na idadi ya wasemaji wake. Kijana hufundishwa shuleni kwa Kiingereza na Kiswahili, na akitaka kusikia Ekegusii kilichopangwa kwa ufundi, chenye methali, majina ya sifa na maneno ambayo hayatumiki sokoni, hana budi kwenda kwa wazee au kwa waimbaji. Kwa hiyo tunapouliza kama utunzi wa nyimbo umeshuka, tunauliza pia kama fasihi ya lugha hiyo ina makao mengine ya kukimbilia.

Nyimbo zisizopimwa kwa saa

Yafaa tuanze na obokano, kwa maana ndiyo ala ambayo Abagusii huitaja kwanza wanapotaka kujitambulisha kwa muziki. Obokano ni kinubi kikubwa chenye nyuzi nane, kilichotengenezwa kwa bakuli la mti lililowambwa ngozi, na mikono miwili inayoshikilia mti wa kukingama ambao nyuzi hufungwa juu yake. Jamaa yake wa karibu ni nyatiti ya Wajaluo, nayo pia ina nyuzi nane, lakini sauti ya obokano ni nzito zaidi. Nyuzi zake hupita karibu sana na ngozi, hata zikitikisika huigusa na kutoa mvumo wa kukwaruza unaomtambulisha mpigaji kabla hajafungua kinywa. Mpigaji huketi, akapiga na kuimba yeye mwenyewe.

Wimbo wa obokano haukuwa na urefu maalumu. Urefu wake ulitokana na shughuli, na zaidi ya hapo ulitokana na watu waliohudhuria. Mwimbaji alianza na ala peke yake, akajaribu nyuzi, akauweka mdundo, kisha akaingiza maneno kidogo kidogo. Akimwona mgeni wa heshima, alimtaja kwa ukoo wake, akitunzwa, aliongeza, akiona watu wamechoka, aligeuza mwendo. Kwa lugha ya uhakiki wa fasihi simulizi, fanani na hadhira walikuwa wakiutunga wimbo pamoja, hata kama mmoja tu ndiye aliyekuwa akiimba. Hakuna aliyeweza kusema kwa hakika wimbo umeanza dakika gani.

Nyimbo nyingine zilikuwa na mipaka yake. Esimbore, ambayo huimbwa na wanaume katika tohara ya wavulana, imefungwa na tendo lenyewe la jando, na mtu hawezi kuiimba popote apendapo bila kuwaudhi wenye mila. Nyimbo za kupalilia wimbi shambani zilifuata urefu wa kazi: maadamu magugu yapo, wimbo upo. Katika nyimbo za namna hii kiitikio hurudiwa mara nyingi mno, na hapa ni lazima kuwasahihisha kidogo wale wanaosema kwamba nyimbo za siku hizi ni mbovu kwa sababu zinarudiarudia maneno. Kurudiarudia ni mali yetu ya zamani. Tofauti ni kwamba kiitikio cha shambani kilikuwa kama kigoda cha kumpumzishia kiongozi wa wimbo, ili akija tena aje na mstari mpya: leo anamsema mvivu, kesho mume mlevi, kesho kutwa chifu. Watu waliitikia yale yale ili mmoja apate kusema mapya. Katika video fupi inayojirudia yenyewe kila inapokwisha, kinachorudi ni kile kile kilichorekodiwa, wala hakuna mtu aliyepumzishwa ili atunge.

Santuri na dakika tatu

Ni kosa kudhani kwamba simu ndiyo iliyokuwa chombo cha kwanza kuupimia wimbo. Kazi hiyo ilianzwa na santuri. Santuri ya zamani iliyozunguka mara 78 kwa dakika ilichukua kama dakika tatu kila upande, na kila mwimbaji wa Afrika Mashariki aliyeingia studio alikutana na ukuta huo. Mfano ulio bora zaidi unatoka pwani. Siti binti Saad aliposafiri kutoka Unguja kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za taarabu, alikuwa ametoka katika mabaraza ambako wimbo ulikwenda polepole, ala zikipewa nafasi zao na wasikilizaji wakiomba beti zirudiwe. Huko Bombay ilibidi wimbo uingie katika upande mmoja wa santuri. Je, utunzi ulikufa? La. Shairi la Kiswahili lilikuwa limekwisha kujizoeza kubeba mambo mengi katika nafasi ndogo. Ubeti wenye vina na mizani iliyotimia ni chombo kilichofungwa pande zote. Ukitoa beti tatu katika saba, kila ubeti uliobaki bado unasimama kwa miguu yake.

Huku bara, santuri zilizozunguka mara 45 ndizo zilizotawala kwa muda mrefu, na nchini Kenya ziliendelea kutengenezwa hata katika miaka ya 1980. Hapa watunzi walipata ujanja wao. Wimbo uligawanywa mara mbili: sehemu ya kwanza upande mmoja, sehemu ya pili upande wa pili. Katika benga na katika rumba iliyotoka Kongo, mara nyingi sehemu ya kwanza ilibeba maneno, nayo sehemu ya pili ikawaachia magitaa nafasi ya kuchemsha watu. Msikilizaji alilazimika kuinuka kitini na kuigeuza santuri. Tendo hilo dogo la mkono lilikuwa ushahidi kwamba kisa kimemshika na anataka kujua mwisho wake.

Waimbaji wa Gusii waliingia katika mtindo huo kwa nguvu. Christopher Monyoncho, aliyefariki mwaka 2013, ndiye anayetajwa zaidi, pamoja na bendi yake ya Riakimai 91 Jazz. Alichukua magitaa ya zama zake akayatilia Ekegusii cha watu wazima, lugha ya mtu anayesimulia mambo ya nyumbani kwake bila haraka. Kisha ikaja kanda ya kaseti, ambayo kila upande wake ungeweza kuchukua dakika thelathini au hata arubaini na tano, na kwa muda ukuta ukasogea mbali. Redio nayo ilichangia. Sauti ya Kenya ilikuwa na matangazo ya Ekegusii kutoka kituo cha Kisumu, na baadaye vikaja vituo vinavyotangaza kwa lugha hiyo tu, kama vile Egesa FM.

Tukiitazama historia hii tunaona kwamba kipimo cha nje hakikuwa adui wa mtunzi siku zote. Kilimlazimisha aamue: aseme nini na aache nini. Lakini, na hili ndilo la kushika, santuri iliuchukua wimbo *mzima*. Dakika tatu zilikuwa na mwanzo, kati na mwisho, na mtunzi ndiye aliyepanga mahali pa kila kimoja.

Mkasi ulivyohama mkono

TikTok ilipoanza kuenea nje ya Uchina, kati ya mwaka 2017 na 2018, video zake zilikuwa za sekunde 15, kisha 60. Mwaka 2021 ziliruhusiwa kufika dakika tatu, na mwaka 2022 dakika kumi. Kwa hiyo leo urefu si sheria tena. Hata hivyo kipande kifupi kimebaki kuwa desturi, kwa sababu programu inayochagua kipi kimfikie nani huangalia kama mtazamaji amebaki au amepita, na wengi hupita katika sekunde za mwanzo. Mambo mengine yanausukuma wimbo upande huo huo. Katika huduma ya Spotify, iliyofunguliwa nchini Kenya mwaka 2021, wimbo huhesabiwa kuwa umesikilizwa ukishafika sekunde 30; zinazobaki haziongezi hesabu. Tena kuna Skiza ya Safaricom, ambayo humsikilizisha mpigaji simu kipande cha wimbo wakati anangoja kupokelewa. Mwenye simu akipokea haraka, wimbo umekwisha.

Matokeo yake yamepimwa kwingineko. Mwaka 2018 mtafiti Hubert Léveillé Gauvin alichapisha uchunguzi wa nyimbo 303 zilizofika kumi bora huko Marekani kati ya mwaka 1986 na 2015. Aliona kwamba utangulizi wa ala, kabla sauti ya mwimbaji haijaingia, ulipungua kutoka wastani wa sekunde 23 hivi hadi sekunde 5. Tukumbuke kwamba mwaka 2015 TikTok ilikuwa bado haijazaliwa. Simu haikuuanzisha mwendo huo, ila iliukuta njiani na kuuharakisha.

Sasa tuurudishe uchunguzi huo kwa mpiga obokano. Kile kinachoitwa utangulizi katika wimbo wa Kimarekani ni mapambo. Kwake yeye ni sehemu ya kazi. Hapo ndipo anapopima nyuzi, anapowatazama watu, anapochagua jina la kuanzia. Ukiuondoa utangulizi wa obokano umeondoa nafasi ambamo wimbo ulikuwa ukitungwa. Na kijana anayerekodi kwa simu harusini, kwa nia njema kabisa, huanza kurekodi pale ngoma ilipokwisha kukolea. Katika benga na rumba mambo ni hayo hayo: kipande kinachosambaa ni kile cha magitaa na wachezaji, yaani upande wa pili wa santuri. Wimbo siku hizi huanzia pale ulipokuwa ukiishia.

Hapa ndipo tofauti ya ufupi na ukatwaji inapodhihirika. Zamani mkasi ulikuwa mkononi mwa mtunzi. Sasa uko mkononi mwa mtu mwingine, na mtunzi, akijua hivyo, hutunga kwa kukisia ni wapi atakatwa. Hujitahidi kupata sekunde kumi zinazovutia, kisha anatafuta kitu cha kuzizungushia.

Suala la subira

Wengi husema tatizo ni akili ya kijana: ati binadamu wa leo hawezi kukaza fikira zaidi ya sekunde nane, pungufu kuliko samaki wa mapambo. Msemo huu umezunguka dunia nzima tangu mwaka 2015, lakini hauna utafiti wa kisayansi nyuma yake, na haifai wasomi kuurudia. Kilichopimwa kweli ni kitu kingine. Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California alipima muda ambao mtu hukaa katika jambo moja kwenye skrini kabla ya kuhamia jingine. Mwaka 2004 ulikuwa dakika mbili na nusu kwa wastani, na katika miaka ya karibuni umekuwa sekunde 47 hivi. Vipimo hivyo vinaeleza mazoea ya mtu akiwa mbele ya skrini. Havisemi kwamba amepoteza uwezo wa kusikiliza.

Ushahidi wa pili uko Kisii na Nyamira kwenyewe. Abagusii wengi wanaishi ng'ambo, hasa katika jimbo la Minnesota huko Marekani, na siku hizi mazishi ya nyumbani hupeperushwa moja kwa moja kwa mtandao ili jamaa walio mbali wayaone. Mazishi hayo huchukua saa nyingi: hotuba za wazee, historia ya marehemu, kwaya moja baada ya nyingine. Watu huyafuata kwa simu ile ile inayolaumiwa kwa kuwamaliza subira. Basi subira ipo. Inatolewa kwa kile kinachomhusu mtu, kwa jina analolijua na boma alikozaliwa. Wimbo wa obokano ulipata usikivu kwa njia hiyo hiyo, kwa kumtaja msikilizaji. Video fupi haiwezi kumtaja mtu yeyote, kwa kuwa imekusudiwa kumfikia kila mtu.

Mwili kuutangulia wimbo

Mfano unaozungumzwa sana ni ule wa Embarambamba, mwimbaji wa nyimbo za Injili kutoka Nyamira, ambaye video zake zilisambaa nchini Kenya na nje yake kuanzia miaka ya karibu na 2020. Humo huonekana akigaagaa katika matope, akipanda miti na kurukaruka mashambani kati ya ng'ombe. Amelaumiwa sana, na wengine wakadai ameifedhehesha jamii nzima. Kwa maoni yangu lawama hizo zinamkosea shabaha. Mtu huyu ameelewa barabara kanuni za soko alilowekwa: maneno ya wimbo huhitaji muda na lugha, lakini mwili unaoruka matopeni hauhitaji kufasiriwa, na hata mtu wa nchi ya mbali asiyejua neno moja la Ekegusii atasimamisha kidole. Hata katika ngoma za jadi mwili ulitumika kwa nguvu nyingi. Swali la mhakiki ni jepesi kuliko la mlinda maadili: je, watu walioitazama video wanaweza kutaja mstari mmoja wa wimbo? Wengi niliowauliza walikumbuka matope. Fani imesimama peke yake na maudhui yamebaki nyuma, nayo ni hali ambayo wahakiki wetu wa miaka ya sabini, katika ule ugomvi wao wa vina na mizani, hawakuwahi kuifikiria.

Kuna hasara nyingine ambazo hazitajwi kwa kuwa hazionekani. Ya kwanza ni ya sauti. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti nzito ipasavyo. Obokano ikipita humo hupoteza kifua chake, ukabaki ule mkwaruzo wa juu tu, na kijana aliyeijua ala hiyo kwa simu peke yake atashangaa kwa nini wazee huisifu. Si ajabu basi kwamba watayarishaji hupenda vinanda vya kompyuta ambavyo hupenya vizuri katika spika hizo.

Ya pili ni ya lugha. Ekegusii ni lugha yenye toni. Kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kutofautisha maana. Watunzi hodari husikiliza toni za maneno yao wanapopanga lahani, ingawa si kila mara, maana mwimbaji naye ana uhuru wake. Siku hizi lahani mara nyingi huja kwanza, ikiwa imetengenezwa na mtu mwingine kwa matumizi ya nyimbo za lugha yoyote, na sauti hunyooshwa kwa programu ya kusahihisha sauti mpaka ikae kwenye vidato vya kinanda. Maneno hulazimika kuingia humo kama mtoto aliyevishwa viatu vya mwenzake. Mtunzi akiona maneno marefu ya Ekegusii hayaingii, huweka neno la Kiingereza au la Sheng, ambalo ni fupi na limezoeleka. Hivyo msamiati hupungua, na sababu yake si uvivu peke yake.

Ya tatu ni ya fumbo. Fumbo la wimbo huhitaji umbali. Mwimbaji hutaja mbuzi katika ubeti wa kwanza, akamwacha, akazungumza mambo mengine, kisha ubeti wa mwisho tukang'amua kwamba mbuzi alikuwa jirani. Ukikata sekunde ishirini za katikati, unapata wimbo wa mbuzi. Ndiyo maana matusi ya wazi hustawi katika video fupi: tusi halihitaji ubeti wa pili.

Lakini haki itendeke. Zamani kijana wa Keroka au Ogembo aliyetaka kurekodi alihitaji nauli ya Nairobi na mwenye studio aliyekubali kumsikiliza, na Ekegusii kilihesabiwa kuwa soko dogo. Leo anarekodi karibu na nyumbani, na jioni hiyo hiyo wimbo unasikilizwa Minnesota. Wanawake, ambao katika jadi waliimba mengi lakini hawakuruhusiwa kuigusa obokano kwa urahisi, sasa hujirekodi bila kuomba idhini ya mtu. Na wapo wanaoweka katika YouTube nyimbo za obokano za dakika ishirini na zaidi bila kuzikata, kisha wakatoa kipande kidogo mahali pengine kama mwenye duka anavyoning'iniza kanga moja mlangoni.

Njia hii ya mwisho yastahili kuchunguzwa kwa makini zaidi kuliko malalamiko yote. Mtafiti angeweza kuchukua wimbo mmoja katika hali tatu: ulivyoimbwa usiku kucha katika shughuli, ulivyorekodiwa studio kwa dakika nne, na ulivyokatwa kwa sekunde thelathini, akahesabu majina ya watu, methali na mistari mipya katika kila hali. Waimbaji wenyewe tayari hufanya hesabu hiyo kichwani. Anayeimba mazishini mbele ya kamera anajua ana hadhira mbili, iliyoketi chini ya hema na iliyo ng'ambo. Na mara nyingi utamsikia akiwataja wa ng'ambo kwa majina, mmoja mmoja, huku mwenye kamera akimngoja amalize.